Xbox Ikifa, Nitaongea na Bro Wapi?

Tarehe 24 Oktoba 2025 Microsoft ilitangaza kwamba Halo inaenda PlayStation. Kama wewe si mtu wa gemu, wacha nikuelezee kimtaa. Ni kama Gor Mahia waite waandishi wa habari waseme kuanzia mwakani watakuwa wanavaa jezi ya Ingwe, na ni sawa tu, mpira ni mpira. Halo ilizaliwa siku moja na Xbox, Novemba 2001. Miaka 24 yote haijawahi kukanyaga mashine ya Sony. Sasa 2026 itakanyaga.

Kesho yake, Jumamosi, nikapita pale base ya gemu mtaani. Ni chumba cha mabati, skrini nne, feni moja inayozunguka ikijisikia. Nikapata hakuna mtu anacheza. Padi zimewekwa chini, wasee wamesimama, kila mtu anaongea, na mwenye base amekasirika juu hakuna pesa inaingia.

"Buda, Xbox imeenda!" jamaa mmoja wa PlayStation alikuwa anapiga kelele. "Tufungue grupu ya matanga, tuanze kuchanga!"

"Microsoft iende wapi?" mwingine akamjibu. "Unajua pesa iko pale wewe? Hiyo kampuni inaweza kununua Sony asubuhi ikunywe chai saa nne."

Kisha wakanigeukia mimi. Hapo base tuko wawili tu tunaotumia Xbox kwa nyumba, kwa hivyo sisi ndio familia ya marehemu. Walitaka nitetee. Mimi sinyamazangi, mnanijua. Lakini siku hiyo nilinyamaza, nikatoka, nikaenda nyumbani. Hii ndiyo sababu.

Bro wangu ananizidi miaka saba. Mwaka wa 2015, ule mwaka TV zilizimwa ndio tuhamie dijitali, alikuwa anafanya kazi kwa base kama hiyo, anakusanyia mwenyewe bob kumi kwa kila mechi. Alijinyima mpaka akanunua Xbox 360 ya mtumba kule Luthuli Avenue. Ilikuwa imechipiwa, ikakuja na sidii nne ndani ya nailoni. Mathe alifikiri ni dekoda. Aliuliza kama inashika Citizen.

Sidii moja ilikuwa Halo 3. Tulicheza hiyo gemu mpaka padi moja ikatoka mpira. Skrini inagawanywa mara mbili, bro juu, mimi chini, na TV yenyewe ilikuwa ndogo hivi kwamba ilibidi tukae magoti yakigusana. Nikipigwa risasi ananirudia. Kila wakati alinirudia, hata kama ni kufa tunaenda kufa.

2023 bro akapata kazi Uingereza, kazi ya kutunza wazee. Akaniachia Xbox One S, nayo ya mtumba, na deni la nauli ambalo familia nzima ilikuwa imelibeba. Miezi ya kwanza tulikuwa tunapigiana WhatsApp. Na si mnajua venye wanaume wa kwetu huongea kwa simu?

"Uko poa?"

"Niko poa. Mathe?"

"Yuko poa."

"Haya basi."

Dakika moja na nusu. Hapo mmemaliza mwezi.

Krismasi ya mwaka huo akanunua Xbox Series S ikiwa na punguzo. Halo Infinite ile sehemu ya kucheza na watu wengine ni ya bure, haitaki hata ulipie Game Pass, kwa hivyo nikavaa hedifoni, tukaingia. Saa sita usiku huku, kwake saa tatu au saa nne, kulingana na venye wamegeuza saa zao. Siku hiyo tuliongea masaa matatu.

Sijui inakuwaje, lakini macho yakiwa kwa skrini mdomo unafunguka. Tukingoja mechi ijipange, bro ananiambia vitu hawezi kuniambia kwa simu. Kwamba mzee aliyekuwa anamtunza alifariki asubuhi, na saa mbili baadaye akatumwa kwa nyumba ya mzee mwingine kama hakuna kitu kimetokea. Kwamba amewahi kumaliza wiki nzima bila kuongea Kiswahili na mtu. "Usimwambie Mathe," anasema, halafu mechi inaanza, halafu ananirudia nikipigwa risasi. Tangu hapo kila Ijumaa ni sisi.

Kwa hivyo wasee wakisema "Xbox imekufa", wao wanasikia namba. Mimi nasikia Ijumaa.

Lakini wacha tuongee namba, juu siwezi kuwa muoga wa ukweli kwa sababu ya hisia.

Namba ni mbaya. Kati ya Julai na Septemba 2025, pesa ambazo Microsoft ilipata kwa kuuza mashine za Xbox zilishuka kwa asilimia 29 zikilinganishwa na miezi hiyo hiyo ya mwaka uliotangulia. Kati ya Aprili na Juni 2024 zilikuwa zimeshuka kwa asilimia 42. Kufikia mwisho wa Septemba 2025, Sony ilikuwa imesafirisha PS5 zaidi ya milioni 84. Xbox je? Microsoft iliacha kutangaza idadi ya mashine inazouza tangu 2015. Mtu aliyekuwa anakuambia mshahara wake kila mwezi akiacha ghafla, wewe jua tu hajapandishwa cheo.

Na haikuanza jana. Xbox 360 iliuza zaidi ya milioni 84, ilikuwa ngumi kwa ngumi na PS3. Halafu 2013 wakaleta Xbox One na masharti. Mashine ilitakiwa kuingia intaneti angalau mara moja kila masaa 24, na sidii za mtumba zikawekewa vikwazo. Hebu fikiria Luthuli bila mtumba. Wateja walipiga kelele dunia nzima mpaka Microsoft ikarudisha mkono kabla mashine haijafika madukani, lakini jina lilikuwa limeshaharibika. Tena ilikuwa dola 499 wakati PS4 ilikuwa 399. PS4 ilimaliza na zaidi ya milioni 117.

Halafu wakajaribu kununua njia ya kurudi. Oktoba 2023 walimaliza kununua Activision Blizzard, wenye Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7. Januari 2024 wakafuta kazi watu 1,900 upande wa gemu. Mei mwaka huo wakafunga studio kadhaa, ikiwemo Tango Gameworks, wale wa Hi-Fi Rush, gemu iliyosifiwa na karibu kila mtu. Oktoba 2025 Game Pass Ultimate ikatoka dola 19.99 kwa mwezi hadi 29.99. Kwa hivyo yule jamaa wa grupu ya matanga hajatoa maneno hewani.

Sasa hapo base kulikuwa na kambi mbili, na nimegundua hizo kambi mbili ziko kila mahali wasee wa gemu wamekutana. Moja inasema Xbox ni Sega. Nyingine inasema Xbox ni Nintendo.

Kama hauijui hiyo historia, twende haraka. Sega iliwahi kutengeneza mashine zake. Ya mwisho iliitwa Dreamcast, ilitoka Japani 1998, na iliuza kama milioni 9 pekee. Januari 2001 Sega ikatangaza kwamba inaacha kutengeneza mashine. Mwenyekiti wake, Isao Okawa, aliipa kampuni hisa zake za mamia ya mamilioni ya dola na kuisamehe deni alilokuwa anaidai, halafu akafariki Machi mwaka huo huo. Sega haikufa. Ilianza kutengenezea wengine gemu, na kabla mwaka haujaisha Sonic alikuwa anakimbia ndani ya mashine ya Nintendo, adui wake wa miaka yote. Hata leo hiyo Football Manager inayokunyima usingizi iko chini ya Sega.

Nintendo nayo ilianguka ikaamka. Wii iliuza zaidi ya milioni 101. Iliyofuata, Wii U, iliuza milioni 13 na nusu hivi. Ni anguko la aibu. Januari 2014 rais wa kampuni, Satoru Iwata, alisema atakata mshahara wake nusu kwa miezi mitano. Machi 2017 Nintendo ikatoa Switch, na Switch imepita milioni 150.

Kwa hivyo kila kambi iko na babu wa kuapia. Wa matanga wanasema, "Angalia Sega." Wa matumaini wanasema, "Angalia Nintendo, na Microsoft iko na pesa kuliko hao wote wawili."

Hapo kwa pesa ndipo mimi naona tunakosea. Na nakosoa upande wangu, mnisamehe.

Tunasema Microsoft haiwezi kuacha Xbox kwa sababu ni tajiri. Mimi naona ni kinyume. Tajiri ndiye anayeweza kuacha. Nintendo ilianza kuuza karata Kyoto mwaka wa 1889, na tangu zamani hizo mchezo ndiyo kazi yake. Wii U ilipoanguka, Nintendo ilikuwa kama mama mboga mwenye kibanda kimoja. Mvua ikinyesha hawezi kusema "haidhuru, niko na nyumba za kukodisha Ruaka." Anafunika mboga na nailoni, anakaa hapo hapo. Iwata alikata mshahara kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Microsoft iko na mahali pengine pengi pa kwenda. Iko na Windows. Iko na programu za ofisi ambazo hata chifu wenu anatumia. Iko na biashara ya kukodisha kompyuta kubwa na mambo ya akili bandia. Katika ile miezi mitatu mashine za Xbox ziliposhuka asilimia 29, Microsoft nzima iliingiza zaidi ya dola bilioni 77. Kwa mtu wa hesabu pale makao makuu, mashine yetu ni kibanda kimoja kati ya mia. Hakimfilisi, na ndiyo maana anaweza kukifunga bila machozi.

Kwa hivyo "Xbox haiwezi kufa juu iko na pesa" ni kujifariji. Jina litabaki. Gemu zitabaki, tena zitauzwa kwa kila mashine yenye skrini, juu huko ndiko Microsoft imeona wanunuzi. Forza Horizon 5 iliingia PS5 Aprili 2025, Gears of War ikafuata Agosti, sasa ni Halo. Wenyewe wamesema wanatengeneza mashine nyingine pamoja na AMD, na mimi nawaamini. Lakini kile kitu tulikuwa tunaita Xbox, sanduku lenye gemu ambazo hazipatikani kwingine, hicho kinaenda. Tusidanganyane.

Na kuna jambo lingine hatupendi kusema hapa Nairobi. Sisi kwa hizo namba hatumo! Xbox 360 ya bro ilikuwa mtumba, na iliyouzwa mara ya pili haihesabiwi na kampuni. Sidii zilikuwa feki, Microsoft haikuona hata senti. Akaunti yangu nilipoifungua niliandika niko Uingereza hata kabla bro hajaota Uingereza, na nyinyi wa PlayStation msinicheke, zenu nusu zinasema mko Marekani. Tunashikana mashati kutetea kampuni ambazo kwa vitabu vyao hatuishi Kenya. Siku wakiamua kubaki au kutoka, hakuna mtu atauliza Umoja inaonaje.

Sisemi tusibishane. Ubishi ni tamu, na base bila ubishi ni chumba cha joto tu. Nasema tuulize swali letu badala ya swali la wenye hisa. Mwenye hisa anauliza, "Nani ameuza zaidi?" Mimi na wewe swali letu ni, "Hii pesa yangu na hawa watu wangu, vitabaki wapi?"

Ijumaa iliyofuata nilimwambia bro. Nimekuwa nikiweka akiba kidogo kidogo kutoka kwa kazi ndogo za kuhariri video, na One S yangu imeanza kupiga kelele kama posho mill. Nilikuwa nataka kununua mashine mpya. Nikamuuliza ninunue gani.

Alinyamaza. Tulikuwa tunangoja mechi.

"We nunua PS5," akasema. "Hapo mtaani kila mtu yuko PlayStation. Usifungwe huku juu yangu. Mimi nitauza hii nijipange."

"Utauza? Na gemu zako je?"

Akacheka kidogo. Bro amenunua gemu zaidi ya thelathini tangu afike kule, mojamoja, zikiwa na punguzo, baada ya shifti za usiku. Zote ni za kupakua. Hakuna sidii. Mashine anaweza kuuza. Gemu hawezi kuuza, hawezi kunipa, hawezi kuhamisha. Akitoka Xbox anaziacha kama mtu anayehama usiku bila kubeba kitanda.

Hapo ndipo nilielewa kitu Phil Spencer, aliyekuwa mkubwa wa Xbox wakati huo, alisema Mei 2023. Alisema waliishindwa raundi mbaya zaidi ya kushindwa, ile ya Xbox One na PS4, kwa sababu ndiyo raundi watu walianza kujijengea maktaba za gemu za kupakua. Aliyejenga kwa Sony hahami tena. Nikisoma hiyo zamani niliona ni kisingizio cha bosi. Lakini ukuta huo unafunga pande zote mbili. Milioni nyingi hawawezi kuja kwetu, na bro wangu hawezi kutoka.

Nikamwambia hauzi kitu. Akaniambia nisimpangie. Tukabishana mpaka tukapoteza mechi vibaya, 50 kwa 31, na hakuna mtu alijali.

Usiku huo sikulala. Nikarudi kusoma lile tangazo la Halo, safari hii polepole, si kama shabiki. Hiyo gemu, Halo: Campaign Evolved, ni ile Halo ya kwanza ya 2001 imetengenezwa upya. Watu wanne wanaweza kucheza pamoja kupitia intaneti, na haijalishi nani yuko Xbox, nani yuko kompyuta, nani yuko PS5. Na watu wawili wakiwa nyumba moja wanaweza kugawanya skrini, kama zamani.

Niliisoma hiyo mara mbili. Habari ambayo wenzangu wa Xbox walikuwa wanalilia ndiyo ilikuwa inatufungulia mlango. Bro abaki na gemu zake thelathini. Mimi ninunue chochote kitakuwa na bei ya kibinadamu Luthuli. Tutakutana ndani.

Haimalizi shida yote. Halo Infinite yenyewe haiko PS5, kwa hivyo kwa sasa sihami, naendelea na posho mill yangu mpaka 2026. Na siwezi kukuahidi kwamba maktaba ya bro itakuwa salama miaka kumi ijayo. Kama uko na pesa ya kununua mashine leo, ushauri wangu ni mfupi. Angalia watu wako wako wapi kwanza. Sidii ikipatikana, nunua sidii, juu hiyo utauza au utampa mtu. Na usinunue kwa sababu unataka kushinda ubishi na mtu ambaye kesho atakuomba padi.

Nilirudi base Jumapili. Bado walikuwa wanabishana, safari hii kuhusu kama Sony nayo itapandisha bei ikibaki peke yake sokoni, na hapo nilikaa nikasikiliza juu hilo ni swali la maana. Yule jamaa wa matanga akaniuliza kama nimekubali msiba.

Nikamwambia nimekubali. Nikamuuliza pia kama Halo ikifika kwa PS5 yake atakuwa na nafasi, juu timu ni ya watu wanne, na mimi na bro ni wawili.

Akafikiria. "Bro wako anajua kucheza?"

"Ukipigwa risasi," nikamwambia, "anakurudia."

Haya, endeleeni kubishana. Mimi Ijumaa saa sita usiku sipatikani.